Mwongofu na Watu wa Nyumbani Mwake

Kila mwaka, usiku wa Kesha la Pasaka, parokia zetu huona furaha isiyo na kifani. Mshumaa wa Pasaka umewashwa, maji yamebarikiwa, na wakatekumeni wanaitwa mmoja mmoja kwa jina jipya walilolichagua. Kanisa zima limejaa nyimbo. Lakini mtu akitazama vema ataona jambo jingine. Nyuma ya baadhi yao wamesimama baba, mama, shangazi na wadogo zao, wote katika nguo za sikukuu. Nyuma ya wengine yuko msimamizi wa ubatizo peke yake. Mama hakuja. Labda amebaki nyumbani, mlango umefungwa. Labda amefika hata uani, akasimama chini ya mwembe, asitake kuingia wala asiweze kuondoka. Na Misa ikiisha, watu wakiagana na kwenda zao, yule aliyebatizwa hajui aende kula sikukuu nyumbani kwa nani.

Habari za mtu huyu ndizo tunazotaka kuzitafakari leo pamoja nanyi, wasomaji wapenzi. Tumezoea kuwahesabu waliobatizwa, nasi twafanya vema kumshukuru Mungu kwa hesabu hiyo. Lakini si mara nyingi twauliza ubatizo ule umemgharimu nini kila mmoja wao, na ni nani aliyelia nyumbani kwa ajili yake. Bwana wetu Yesu Kristu hakutuficha jambo hili. Alisema wazi kwamba kwa ajili yake watu wa nyumba moja watatengana, na ya kuwa ampendaye baba au mama kuliko Yeye hamstahili. Lakini ni Bwana huyohuyo aliyewakemea Mafarisayo waliofanya sadaka ya hekalu kuwa udhuru wa kuwanyima wazazi wao riziki. Naye alipokuwa msalabani, katika uchungu wa kufa, alimtafutia Mama yake mahali pa kukaa. Basi mwongofu ashike neno lipi? Twajibu: ayashike yote mawili. Na kwa kuwa ni rahisi kuyasema na ni vigumu kuyatenda, tumwangalie mtu mmoja aliyeyatenda kwa muda wa miaka 45.

Mtu huyo ni Mtakatifu John Henry Newman. Alizaliwa London tarehe 21 Februari 1801, akiwa kifungua mimba katika watoto 6, wavulana 3 na wasichana 3. Baba yake alikuwa mwenye benki. Mama yake alitoka katika ukoo wa Waprotestanti wa Kifaransa. Wote walikuwa Waanglikana, watu wa heshima, wenye kwenda kanisani na kusoma Biblia. Bibi yake, mama wa baba, alikuwa mmojawapo wa wale waliompandia kijana huyo upendo wa Maandiko Matakatifu. Mwaka 1816 benki ya baba yake ilianguka, na nyumba iliyokuwa na neema ikaingia katika mashaka. Mwaka uleule kijana, mwenye umri wa miaka 15, alisikia moyoni kwamba Mungu amemshika, na tangu siku hiyo hakumwacha tena. Hata alipokuwa mzee, tena Mkatoliki, aliendelea kuamini kwamba Mungu mwenyewe ndiye aliyemgusa wakati ule. Tuliweke neno hili akilini, maana tutalirudia: yule ambaye baadaye Kanisa lilimfanya Kardinali na Mtakatifu alifundishwa kumjua Mungu katika nyumba isiyokuwa ya Kikatoliki, wala hakuona haya kusema hivyo.

Akaenda kusoma Oxford. Mwaka 1822 alichaguliwa kuwa mwalimu katika chuo cha Oriel, mwaka 1825 akapewa upadre wa Kianglikana, na mwaka 1828 akawa mchungaji wa kanisa la Mtakatifu Maria, kanisa la chuo kikuu. Baba yake alikuwa amekwisha kufa mwaka 1824, na kifungua mimba akaubeba mzigo wa mama na ndugu zake. Mwezi wa Januari 1828 alikufa Mary, kitinda mimba wao, naye Newman alimlilia miaka mingi. Mama na mabinti wawili waliobaki, Harriett na Jemima, wakahamia karibu na Oxford. Katika kijiji cha Littlemore, kilichokuwa chini ya parokia yake, walimsaidia kuwatembelea maskini na kuwafundisha watoto. Kijiji hicho hakikuwa na kanisa. Mwezi wa Julai 1835 kazi ya kulijenga ilianza, na aliyeliweka jiwe la msingi ni mama yake. Mwaka uliofuata, mwezi wa Mei, mama akafa kabla kanisa halijawekwa wakfu. Mtu akitaka kujua Newman aliacha nini baadaye, alikumbuke jiwe lile.

Sasa tuseme kilichomwondoa. Hakikuwa chuki kwa Kanisa alilolelewa ndani yake, wala tamaa ya cheo, maana cheo alikuwa nacho. Kilichomwondoa ni Mapokeo ya Kanisa. Kwa neno hili hatusemi desturi za kale tu, kama vile mavazi au namna ya kuimba. Twasema imani yenyewe, iliyotoka kwa Mitume, ikapokelewa na kukabidhiwa mkono kwa mkono, katika mahubiri, katika Sakramenti, katika sala na katika damu ya mashahidi. Newman, pamoja na rafiki zake Keble na Pusey, alitaka kuwakumbusha Waanglikana urithi huo. Tangu 1833 waliandika vijitabu vingi kwa ajili hiyo. Ili aujue urithi wenyewe, Newman alianza kuwasoma Mababa wa Kanisa: Mtakatifu Atanasi, Mtakatifu Agostino, Mtakatifu Leo, na wengine. Aliwasoma apate silaha za kulitetea Kanisa la Uingereza. Mababa wakampeleka mahali asipokusudia kwenda.

Wakati wa joto wa mwaka 1839 alikuwa akisoma habari za ugomvi wa karne ya 5 juu ya Umungu na ubinadamu wa Kristu, ule uliokatwa katika Mtaguso wa Kalkedonia mwaka 451. Akaona kwa hofu kwamba Roma ya siku zile ilikuwa ikisema kama Roma ya siku zake, na kwamba mahali pake yeye mwenyewe palifanana na mahali pa wale waliojitenga. Mtu mwingine angalifunga kitabu na kutafuta kingine. Mtu mwingine tena angaliondoka siku ileile, akawatukana wenziwe wa jana. Newman hakufanya hili wala lile. Alingoja miaka 6. Alisali, alifunga, alisoma, akajiuliza tena na tena kama si kiburi kinachomdanganya. Mwaka 1842 alihamia Littlemore, akakaa na vijana wachache katika nyumba ya zamani ya kuwekea farasi, wakiishi maisha ya sala na ya ukata. Mwezi wa Septemba 1843 alijiuzulu kazi ya parokia. Tarehe 25 ya mwezi huo alihubiri mara ya mwisho akiwa Mwanglikana, katika kanisa lile ambalo mama yake aliliwekea jiwe, juu ya kuagana kwa marafiki. Wengi waliomsikiliza walilia.

Hapa pana funzo kwa wakatekumeni wetu na kwa wale wanaowafundisha. Imani si nguo ya kubadilisha kwa haraka ili kumfurahisha mchumba au kupata nafasi shuleni. Aingiaye mbio hutoka mbio. Lakini pana funzo la upande wa pili pia: dhamiri ikiisha kuona, haifai kukawia kwa hofu ya watu. Newman alikuwa akiandika kitabu juu ya maendeleo ya mafundisho ya Kanisa, apate kujua kama yale ambayo Kanisa Katoliki lafundisha leo ndiyo yale ya Mitume, yaliyokua kama mbegu inavyokua kuwa mti. Kabla hajakimaliza, akakiacha. Alikuwa amekwisha kupata jibu, na mtu aliyekwisha kuona njia haendelei kuketi njia panda.

Usiku wa tarehe 8 Oktoba 1845 ilinyesha mvua kubwa. Padre Dominiko Barberi, Mwitalia wa Shirika la Mateso, alifika Littlemore amelowa chapa, maana alisafiri juu ya gari la farasi, nje, muda wa saa nyingi. Padre huyo alikuwa mwana wa wakulima, aliyechunga kondoo katika utoto wake, na Kiingereza chake kilikuwa kibovu. Alipokuwa akijikausha mbele ya moto, mwalimu mkuu wa Oxford aliingia, akapiga magoti mbele yake na kuomba apokewe katika Kanisa la Kristu. Kesho yake, tarehe 9 Oktoba, akapokewa. Tusipite upesi hapa. Mwenye elimu alipiga magoti mbele ya mchunga kondoo, kwa sababu mchunga kondoo yule alikuwa nacho kile ambacho elimu yote haiwezi kujitengenezea wenyewe, bali hukipokea tu. Hayo ndiyo Mapokeo.

Lakini siku ileile ya tarehe 8, kabla Padre Dominiko hajaingia, Newman alikuwa ameketi akiandika barua. Mojawapo ilikwenda kwa Jemima, mdogo wake. Hakutaka asikie habari hiyo kutoka kinywani mwa wageni. Alimwambia waziwazi kwamba ampelekea neno litakalomwumiza. Miezi michache kabla ya hapo alikuwa amekwisha kumweleza kwamba hakuona faida yoyote ya dunia katika safari hiyo: alikuwa akipoteza jina jema, riziki na mapenzi ya watu, asiwe na sababu nyingine ila dhamiri yake tu. Hakumwandikia kwa kiburi cha mshindi. Alimwandikia kama kaka anayejua kwamba anamliza mdogo wake, wala hawezi kufanya vingine.

Ikawa kama alivyojua. Harriett alikuwa amekwisha kukata urafiki naye tangu 1843, pale mumewe alipokaribia kuingia Kanisa Katoliki. Harriett alimdhania kaka yake kuwa ndiye mwenye kosa. Akafa mwaka 1852 wasipatane. Jemima hakukata barua, lakini aliogopa kaka yake asije akawavuta watoto wake, na kwa miaka mingi mlango wa nyumba yake haukuwa wazi kama zamani. Mji wa Oxford Newman aliuacha mwezi wa Februari 1846, wala hakurudi kukaribishwa humo mpaka 1878, miaka 32 baadaye. Tena, tuseme kweli, hata Wakatoliki hawakumpokea wote kwa moyo mweupe. Walikuwako waliomshuku muda mrefu, wakisema huyu bado ni nusu Mwanglikana. Mwongofu aliyefikiri kwamba akiisha kubatizwa machozi yatakoma, ajue kwamba hata watakatifu hawakupata hivyo.

Hatumsimulii Harriett ili tumhukumu. Alikuwa mwanamke mwenye dini na akili, aliyempenda kaka yake utotoni kupita wote. Aliudhika kwa sababu alipenda, akaogopa kwa sababu alisadiki kwamba kaka yake amepotea. Twamtaja kwa sababu mioyoni mwetu Harriett yumo. Kila mara tunapomfungia mtu mlango kwa kuwa ametuumiza katika mambo ya Mungu, twadhani twamtetea Mungu. Kumbe huenda twayatetea maumivu yetu. Na mauti hayangoji tupatane.

Lakini Newman mwenyewe alifanya nini? Hakumfungia mtu mlango. Alivumilia kimya cha Harriett bila kulipiza. Barua kwa Jemima hazikukoma. Ndugu zake wawili wa kiume walikuwa wamekwenda mbali naye kwa njia nyingine. Charles alikana dini kabisa, wala hakuweza kudumu katika kazi. Francis aliacha mafundisho makuu ya Kikristu, akaandika vitabu kuyapinga. John Henry aliendelea kumsaidia Charles kwa fedha miaka mingi, naye Francis alitoa sehemu yake. Hivyo Padre Mkatoliki na mpinga mafundisho walishirikiana kumlisha ndugu yao asiyesadiki, hata alipokufa mwaka 1884. Francis alikuja kumlipa kaka yake ubaya, maana mwaka 1891, kaka akiwa amekwisha kufa, alitoa kitabu cha kumlaumu. Newman hakumsaidia mtu ili asifiwe, na kweli hakusifiwa.

Liko jambo moja dogo linalotugusa sana. Newman alipokuwa mzee alitaka barua zake za siku za Uanglikana zipangwe na kutolewa kitabuni. Je, alimchagua nani? Hakuchagua Mkatoliki, ingawa alikuwa amezungukwa na mapadre wenye elimu. Alimchagua Anne Mozley, Mwanglikana, wifi yao Harriett na Jemima. Alimwamini kwamba atayaeleza maisha yake ya kwanza kwa haki. Kitabu kikatoka mwaka 1891. Huyu alikuwa mwongofu asiyeogopa siku zake za jana. Hakuichoma nyumba aliyozaliwa ndani yake ili apate mwanga wa kuionea ile aliyohamia.

Asitokee mtu wa kusema kwamba basi kwake dini zote zilikuwa sawasawa. La hasha! Kama zingalikuwa sawasawa, asingaliacha kitu, wala Jemima asingalilia. Newman alikaza kusema maisha yake yote kwamba katika dini iko kweli na liko kosa, na kwamba mtu hana ruhusa ya kuchagua dini kama achaguavyo kitambaa dukani. Alishika kweli yote bila kupunguza, na alishika mapendo yote bila kupunguza. Sisi mara nyingi twapunguza kimoja ili tupate nafasi ya kingine. Wengine wetu, kwa ajili ya amani nyumbani, huficha rozari mfukoni na kukubali kila kitu. Wengine, kwa ajili ya kweli, huona kwamba wamekwisha kupata leseni ya kuwa wakali.

Na hapa Mapokeo na ukoo vyakutana. Maana Mapokeo ni nini kama si jambo la nyumbani? Hakuna aliyejizaa mwenyewe, na hakuna aliyejibatiza mwenyewe. Jina, lugha, chakula, namna ya kumwamkia mkubwa, vyote twavipokea kwa wengine kabla hatujaweza kushukuru. Imani nayo yaja hivyo. Basi mwongofu anayewadharau wazazi waliomlea, huku akijivuna kwamba ameingia katika Kanisa la Mapokeo, hajafahamu bado ameingia wapi. Amejifunza jina la Baba aliye mbinguni, naye amesahau ni kinywa cha nani kilichomfundisha kutamka neno baba. Bwana wetu alisema hakuja kutangua bali kutimiliza. Upendo wa Biblia alioupata Newman kwa bibi yake haukutupwa mlangoni pa Kanisa. Uliingia pamoja naye, ukazaa matunda mengi zaidi. Vivyo hivyo heshima kwa wazee, ukarimu kwa mgeni, na uaminifu katika neno, ambavyo wengi wetu tulivipata kwa bibi zetu wasiobatizwa, si mizigo ya kutuliwa njiani. Yaliyo maovu tuyaache. Yaliyo mema yalikuwa ya Mungu tangu zamani.

Tusidhani kwamba hayo ni mambo ya Uingereza tu. Mwaka uleule wa 1879, Newman alipofanywa Kardinali na Papa Leo wa XIII, wamisionari wa kwanza Wakatoliki walifika Buganda. Miaka 7 baadaye, tarehe 3 Juni 1886, Karoli Lwanga na wenziwe walichomwa moto Namugongo. Nao wote walikuwa waongofu. Miongoni mwao alikuwamo kijana Mbaga Tuzinde, aliyelelewa na Mukajanga, mkuu wa wauaji wenyewe. Mukajanga alimsihi akane, naye akakataa. Mwisho mzee yule aliamuru apigwe shingoni afe kwanza, asije akauona uchungu wa moto. Tazameni jinsi upendo wa ukoo na uthabiti wa imani vilivyokutana mahali pale pa kutisha! Kijana hakumtukana mlezi wake, wala hakumtii katika jambo lile moja. Na Namugongo walikufa Wakatoliki na Waanglikana, moto mmoja na siku moja. Mtakatifu Paulo wa VI, alipowatangaza mashahidi Wakatoliki wa Uganda kuwa Watakatifu mwaka 1964, hakuacha kuwakumbuka na wale Waanglikana.

Basi, mwongofu mpendwa, uliyebatizwa juzi au uliyebatizwa miaka 30 iliyopita, sikia maneno machache. Usiwe wa kwanza kufunga mlango. Wazazi wako wakiufunga, wewe baki karibu na kizingiti. Habari za imani yako wasizisikie sokoni. Uwaambie wewe, kwa heshima, umekaa chini. Usibishane nao wakati wa chakula. Mama akiugua, uwe wa kwanza kumpeleka hospitali. Paa likivuja, uwe wa kwanza kupanda juu. Karo ya mdogo wako ikikosekana, asisikie mtu kwamba uliitoa yote katika michango ya kanisa. Amri ya nne haikufutwa na maji ya ubatizo. Wakikuamuru kumkana Kristu, kataa kwa upole, na kesho yake asubuhi uende kuwaamkia kama kawaida. Na uwataje kila siku katika Misa, kwa majina yao. Huenda usione matunda. Newman hakuyaona: Jemima alikufa Mwanglikana, siku ya Noeli ya mwaka 1879. Lakini aliona kwamba mapendo hayategemei matunda.

Nasi tuliozaliwa katika nyumba za Kikatoliki, tusikae raha tukifikiri kwamba neno hili si letu. Yako mambo mawili yanayotudai. Jambo la kwanza latuuma sote: siku hizi si watoto wa wengine tu wanaokuja kwetu, watoto wetu pia wanatutoka. Kijana aliyekomunika pamoja nasi leo anasali kwingine, au hasali kabisa. Twafanya nini? Wengine wetu tumewafukuza. Tumesema asinizike, asikanyage uani kwangu. Tumewanyima habari za misiba. Ndugu wapenzi, twamlaumu mama asiyekuja kanisani usiku wa Pasaka, kumbe sisi wenyewe twatenda yaleyale! Hatuwaambii mseme kwamba alichofanya mtoto ni sawa. Huzuni yenu ni ya haki, na mna wajibu wa kumwambia kweli, mara moja na kwa utaratibu. Lakini sahani yake ibaki mezani. Yule baba wa mfano wa Injili angewezaje kumwona mwanawe angali mbali, kama hangekuwa akiitazama njia?

Jambo la pili lawahusu wale wanaotujia. Newman alipoteza nyumba nyingi, naye alihitaji nyumba nyingine. Twasema Kanisa ni familia ya Mungu. Basi familia haimwimbii mtu nyimbo saa 5 usiku kisha ikamwacha aende kulala njaa. Jumuiya ndogo ndogo, wasimamizi wa ubatizo, makatekista, jiulizeni: yule kijana aliyebatizwa Pasaka iliyopita, ambaye nyumbani hawasemi naye, ni nani kati yetu amempelekea chakula? Ni nani amemwuliza habari za mama yake? Na tusimshuku kila siku kwamba bado ni wa kule alikotoka.

Mwezi wa Septemba 1865, baada ya miaka karibu 20, Newman alikutana tena na Keble na Pusey nyumbani kwa Keble. Walikuwa wazee watatu, nao walikula pamoja. Keble alikufa mwaka uliofuata. Hakuna aliyembadilisha mwenziwe siku ile, lakini waliaga dunia wakiwa wamekwisha kuketi meza moja tena. Newman alifariki tarehe 11 Agosti 1890. Baba Mtakatifu Fransisko alimtangaza Mtakatifu tarehe 13 Oktoba 2019, na mwana wa Malkia wa Uingereza, mrithi wa kiti kinacholisimamia Kanisa la Kianglikana, alikuwako Roma kushuhudia. Tarehe 1 Novemba 2025 Baba Mtakatifu Leo wa XIV alimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa. Twaweza kumsoma Mwalimu huyo katika vitabu vyake vingi. Lakini wengi wetu tusioweza kuvipata vitabu hivyo twaweza kumsoma katika barua zake kwa mdogo wake.

Pasaka ijayo wakatekumeni wataitwa tena mmoja mmoja. Twaomba jambo moja tu. Nyimbo zikianza, mmoja wetu atoke nje kimya kimya, apite uani hata kwenye mwembe. Akimwona mama amesimama pale gizani, asimhubirie. Amwamkie kwa heshima, amletee kiti, na akae naye mpaka mwanawe atoke.